Maswali na Majibu ya Muziki: Sauti Nne Zinavyoishi Pamoja

Barua nyingi za miezi ya karibuni zilihusu hamoni, yaani namna ya kupanga noti zinazosikika pamoja, na utunzi kwa taratibu za muziki wa Ulaya, ambazo ndizo kwaya zetu nyingi hujifunza kwa njia ya solfa. Tumechagua barua saba. Sauti nne za kwaya tunazozitaja, kutoka juu kwenda chini, ni soprano, alto, tena na besi. Katika majibu tunatumia Do, Re, Mi, Fa, So, La na Ti, na pale inapolazimu kutaja noti za kinanda tunachukulia kwamba Do ni C.

Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya ya kigango. Aliyenifundisha alinipa kodi tatu tu, yaani ya Do, ya Fa na ya So, akasema zinanitosha kuanzia. Ni kweli nyimbo nyingi zinakubali. Ninachotaka kujua ni kwa nini zinatosha, na kwa nini ziwe hizo tatu na si nyingine.
*Mpiga kinanda, Iringa*

Marahaba. Aliyekufundisha alikupa msingi mzuri, ila alikuachia deni la maelezo. Kodi ni noti kadhaa zinazosikika kwa pamoja, na ya kawaida hujengwa kwa kuruka noti moja moja katika ngazi: ukianzia Do unaruka Re na kuchukua Mi, unaruka Fa na kuchukua So. Kwa njia hiyohiyo kodi ya Fa inakuwa na Fa, La na Do, na kodi ya So inakuwa na So, Ti na Re. Zikusanye zote tatu utaona kwamba zimebeba noti saba za ngazi bila kuacha hata moja, kwa hiyo hakuna noti ya melodi, maadamu haijapandishwa wala kushushwa, itakayokosa kodi ya kuiweka chini yake. Wimbo wa Taifa wa Tanzania, ambao muziki wake unatokana na wimbo alioutunga Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, unasimama kwa sehemu kubwa juu ya kodi hizo tatu.

Sababu ya pili iko katika namna sauti inavyotokea. Uzi wa gitaa ukipigwa hutikisika wote kwa urefu wake, na wakati huohuo hutikisika kwa nusu yake, kwa theluthi yake, kwa robo yake na kuendelea, ingawa sikio husikia noti moja. Mtikisiko wa nne, wa tano na wa sita vikisikika pamoja vinafanya kodi ya meja iliyokamilika, yaani kodi ya aina ile ya Do, Mi na So. Umbali wa tano, yaani kutoka Do hadi So, ni uwiano wa 3 kwa 2: kama A ina mitikisiko 440 kwa sekunde, E iliyo juu yake ina takriban 660. So iko umbali huo juu ya Do, na Fa iko umbali huohuo chini yake. Ndiyo maana kodi hizi mbili ndizo jamaa wa karibu zaidi wa kodi ya Do.

Lakini kinachoufanya wimbo uende mbele ni mvutano. Katika ngazi ya meja kuna mahali pawili palipo na nusu toni tu, yaani umbali mdogo kuliko wote kwenye kinanda, kati ya Mi na Fa na kati ya Ti na Do. Ti huvutwa kupanda kwenda Do, na Fa huvutwa kushuka kwenda Mi. Ukiongeza Fa juu ya kodi ya So ukapata So, Ti, Re na Fa, umeweka noti hizo mbili zenye kuvutwa ndani ya kodi moja, na umbali kati yake ni toni tatu kamili, umbali usiotulia hata kidogo. Kodi ya Do ikifuata, Ti inapanda, Fa inashuka, na kila msikilizaji anajua kwamba jambo limekwisha hata kama hajasoma noti moja maishani mwake.

Mfaransa Jean-Philippe Rameau aliandika mwaka 1722 kwamba kila kodi ina mzizi, yaani noti ambayo kodi imejengwa juu yake, na kwamba Mi, So na Do zikipangwa hivyo kutoka chini bado ni kodi ileile ya Do, ila imegeuzwa. Hilo leo linaonekana la kawaida, lakini lilibadilisha namna ya kufikiri, kwa sababu kabla ya hapo wapiga kinanda walihesabu zaidi umbali wa kila noti kutoka kwenye besi. Jaribu kugeuza kodi zako hizo tatu kabla ya kutafuta kodi mpya. Ukishazoea, leta kodi za maina, zile zenye sauti ya huzuni kidogo, kama wasaidizi: ya Re inaweza kushika nafasi ya kodi ya Fa, na ya La inaweza kushika nafasi ya kodi ya Do pale usipotaka wimbo utulie mapema.

Mwalimu, salaam. Nilipeleka wimbo wangu kwenye tamasha la muziki la shule. Mwamuzi alizungushia kalamu nyekundu sehemu kadhaa akaandika "tano sambamba" bila neno jingine. Nyimbo za kijijini kwetu zimejaa sauti mbili zinazokwenda pamoja namna hiyo, na sijasikia mtu akizikosoa. Kosa liko wapi?
*Mwalimu wa kwaya, Bungoma*

Salaam, Mwalimu mwenzangu. Tuanze kwa kueleza kilichozungushiwa kalamu. Tano sambamba hutokea pale sauti mbili zilizo umbali wa tano zinapohamia upande mmoja kwa pamoja na kubaki umbali uleule wa tano. Zikiwa umbali wa oktavi, yaani kutoka Do hadi Do inayofuata, na kufanya hivyo, ni oktavi sambamba. Mtego mkubwa uko katika kutoka kodi ya Fa kwenda kodi ya So, kwa kuwa kodi hizo zimepakana, na mkono wa mpiga kinanda huzisogeza zilivyo: Fa na Do zinapanda kuwa So na Re, na tayari wekundu umeshapata pa kukaa.

Sababu ya katazo ni ileile ya uwiano wa 3 kwa 2. Noti mbili zilizo umbali wa tano hushikamana kiasi kwamba sikio linakaribia kuzisikia kama kitu kimoja, na zikitembea pamoja, sauti moja humezwa na nyingine. Mtunzi aliyeahidi sauti nne anajikuta kwa kitambo ana sauti tatu, kisha zinarudi kuwa nne, na msikilizaji anahisi kama kuna shimo mahali fulani ingawa hawezi kulionyesha. Theluthi sambamba, yaani sauti mbili zilizo umbali kama wa Do na Mi, hazina tatizo hilo, ndiyo maana alto na soprano wanaweza kwenda umbali wa theluthi wimbo mzima bila mtu kulalamika.

Katazo hili halikuwepo siku zote hata huko Ulaya. Uimbaji wa sauti nyingi ulioandikwa na watawa katika karne ya 9 ulijengwa hasa juu ya nne na tano sambamba, sauti moja ikiifuata nyingine kama kivuli. Kuanzia karne ya 14 walimu wa muziki walianza kuzipiga marufuku, kwa sababu watunzi wa wakati huo walitaka kila sauti iwe na mwendo wake. Mwaka 1910 Claude Debussy, Mfaransa, alitoa kipande cha piano ambacho kodi zake hutembea sambamba waziwazi, na hakuna aliyedhani kwamba hakujua sheria.

Huku kwetu, uimbaji wa Wagogo wa Dodoma ni mfano ulio karibu. Sauti zao huenda nne na tano sambamba, na ngazi yao inafuata mfululizo wa mitikisiko ile ya asili niliyoieleza katika jibu lililotangulia. Mtu akizungushia kalamu uimbaji huo atakuwa amepima maziwa kwa rula. Kwa hiyo, Mwalimu, jambo la kujiuliza ni mtindo gani uliouchagua. Ikiwa wimbo wako wote umejengwa kwa mwendo wa sambamba, basi ni mtindo, na ulistahili kuhukumiwa kama mtindo. Ikiwa ni wimbo wa sauti nne wa aina ya nyimbo za ibada, na sambamba zimejitokeza hapa na pale tu, mwamuzi alikuwa na haki, ingawa alipaswa kukuandikia sababu.

Dawa ya mtego wa Fa na So ni kupeleka besi upande mmoja na sauti tatu za juu upande wa pili. Weka besi kwenye Fa, sauti ya tena kwenye Do, alto kwenye Fa na soprano kwenye La. Halafu besi apande kwenda So, na wengine wote washuke: tena aende Ti, alto Re, soprano So. Kagua kila jozi ya sauti na hutapata tano wala oktavi iliyosogea sambamba.

Nikitunga huanza na melodi, nikaandika alto, kisha sauti ya tena, na mwishowe besi. Soprano huwa tamu, alto inavumilika, lakini tena huruka-ruka kama panzi na besi hukaa kwenye noti moja. Nifanye nini?
*Mtunzi anayeanza, Tabora*

Badili mpangilio wa kazi. Baada ya melodi, andika besi. Hii ndiyo nasaha ninayoithamini kuliko zote katika safu hii, na ningependa kila mtunzi wa kwaya aijaribu kabla hajanunua kitabu chochote.

Sikio la msikilizaji hushika sauti ya juu kabisa na sauti ya chini kabisa. Za katikati husikika kama rangi. Ukiandika besi mwisho, unamlazimisha achukue mabaki ya noti ambazo wengine hawakuzihitaji. Ukimwandika wa pili, soprano na besi wanakuwa wimbo wa sauti mbili unaoweza kuimbwa peke yake, na hapo alto na tena hujazwa kwa urahisi wa kushangaza. Ukimaliza soprano na besi, waite waimbaji wawili waimbe sauti hizo bila kinanda. Zikisimama zenyewe, wimbo wako una mifupa. Zisiposimama, hakuna alto wa kuuokoa.

Kwa besi tafuta mwendo unaopingana na soprano: anapopanda, wewe shuka, hasa karibu na mwisho wa sentensi. Besi anaweza kuruka umbali wa nne na wa tano kuliko sauti nyingine, kwa kuwa hubeba mizizi ya kodi, lakini mpe pia hatua za kawaida kwa kutumia kodi zilizogeuzwa. Kwa mfano, badala ya kukaa Do, Do, Do, anaweza kwenda Do, Re, Mi akiwa chini ya kodi ya Do, kodi ya So iliyogeuzwa ikawa na Re chini, kisha kodi ya Do yenye Mi chini.

Alto na tena ni watu wa kuhama kidogo. Kodi mbili zikiwa na noti moja ya pamoja, anayeiimba abaki nayo; asiyekuwa nayo aende kwenye noti ya kodi mpya iliyo karibu zaidi. Tena wako anaruka-ruka kwa sababu alikuta nafasi zilizo karibu zimeshachukuliwa. Kodi ya noti tatu ikigawanywa kwa sauti nne, noti moja lazima iimbwe na watu wawili, na salama ni kurudia mzizi. Usirudie Ti, kwa kuwa Ti wote wawili watataka kwenda Do, na utarudi kwenye oktavi sambamba tulizozieleza tulipomjibu ndugu yetu wa Bungoma.

Kuhusu mipaka ya sauti, kwaya ya kawaida isiyo na waimbaji wa kulipwa hustarehe hivi: soprano kuanzia C ya kati hadi G ya oktavi inayofuata, alto kuanzia G iliyo chini ya C ya kati hadi C ya juu, tena kuanzia C iliyo oktavi moja chini ya C ya kati hadi G iliyo juu ya C ya kati, besi kuanzia F ya chini hadi C ya kati. Kati ya soprano na alto, na kati ya alto na tena, usizidishe oktavi moja. Kati ya tena na besi nafasi inaweza kuwa pana zaidi.

Ukitaka mazoezi yenye utaratibu, fuata njia ya Johann Joseph Fux, mtunzi wa Austria ambaye kitabu chake cha mwaka 1725 kimeandikwa kama mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi. Anaanza na sauti mbili tu, noti moja dhidi ya noti moja, kisha noti mbili dhidi ya moja, kisha nne, kisha noti zinazocheleweshwa, mwisho anachanganya zote. Mtunzi Haydn alijifunza mwenyewe kwa kitabu hicho, na Beethoven alipofika Vienna mwaka 1792 kusoma kwa Haydn, alifanyishwa mazoezi ya namna hiyohiyo. Ni kazi kavu, lakini baada ya majuma machache mkono wako utaacha kuandika sambamba bila kufikiri.

Kwa nini wimbo wa maina hupandisha So kuwa noti nyingine karibu na mwisho? Na kwa nini ikitokea hivyo mimi husikia kitu cha taarabu?
*Mwanafunzi, Mombasa*

Sikio lako ni zuri. Katika maina nyumbani ni La, na noti iliyo chini ya La ni So, iliyo mbali naye kwa toni nzima. Umbali huo hauna mvuto ule wa Ti na Do, kwa hiyo So hupandishwa nusu toni ili iwe karibu na La. Kwenye solfa huandikwa Se. Kwa A maina ndiyo G iliyopandishwa. Sasa kati ya Fa na Se pamefunguka nafasi ya toni moja na nusu, na ukiimba Mi, Fa, Se, La kwa mfululizo umepita katika noti ambazo, kwa kadiri kinanda kinavyoweza kuzitoa, ndizo za mwanzo wa makamu, yaani ngazi, ya Hijaz, ambayo muziki wa taarabu umeirithi kutoka kwa Waarabu. Watunzi wa kwaya wa Ulaya waliona ruko hilo ni gumu kuimba, wakalikwepa kwa kupandisha Fa pia wakati melodi inapanda kuelekea La. Wewe unayetoka Mombasa huna sababu ya kuliogopa.

Ninatumia programu ya kompyuta kuandika noti. Kompyuta ikiucheza wimbo wangu unapendeza, kwaya ikiuimba unaharibika. Tatizo ni kwaya?
*Msomaji, Kigali*

Mara nyingi si kwaya. Kompyuta haipumui, haikosi noti ya kuanzia, na haioni tofauti kati ya kwenda hatua moja na kuruka toni tatu. Imba mwenyewe kila sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, ukisimama pale unapoishiwa pumzi. Panapokushinda wewe uliyetunga patamshinda pia mwimbaji.

Mwalimu, naomba unisaidie mambo mawili. La kwanza, kadensi ni nini hasa, na kwa nini baadhi ya nyimbo huonekana kama hazijaisha? La pili, tunapotunga kwa maneno ya Kiswahili, wazee wa kwaya husema maneno "yamekaa vibaya" bila kufafanua.
*Katibu wa kwaya, Arusha*

Kadensi ni kituo cha sentensi ya muziki, na kama ilivyo katika maandishi, viko vituo vikubwa na vidogo. Kodi ya So ikienda kodi ya Do, sentensi imefungwa kabisa. Kodi ya Fa ikienda kodi ya Do, imefungwa kwa upole. Ndiyo ile "Amina" ya mwisho wa nyimbo za ibada. Ukisimama juu ya kodi ya So, umeacha swali linalongoja jibu. Na ukiitayarisha kodi ya So kana kwamba utakwenda Do, kisha ukaenda kodi ya La, umemhadaa msikilizaji na umejipatia nafasi ya kuendelea. Wimbo unaoonekana haujaisha mara nyingi umesimama juu ya So, au umefika kodi ya Do lakini soprano amebaki kwenye Mi au So.

Mfano bora wa kujifunzia ni melodi maarufu ya sehemu ya mwisho ya Simfonia ya Tisa ya Beethoven, iliyosikika mara ya kwanza Vienna mwaka 1824. Sentensi ya kwanza huenda Mi Mi Fa So, So Fa Mi Re, Do Do Re Mi, na kuishia Mi Re Re. Sentensi ya pili inarudia yaleyale, ila inaishia Re Do Do. Tofauti ni noti chache za mwisho, na tofauti hiyo ndogo inaigeuza sentensi ya kwanza kuwa swali na ya pili kuwa jibu. Tazama pia jinsi melodi inavyokwenda kwa hatua ndani ya noti tano, kutoka Do hadi So. Mara moja tu, katika sentensi ya tatu, inashuka ghafla hadi So ya chini, na kwa kuwa ni mara moja tu, kila mtu huikumbuka. Watunzi wetu vijana hupenda kuweka ruko katika kila mstari, na kwa hiyo hakuna ruko linalosikika.

Kuhusu maneno, wazee wako wana haki. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo inataka pigo zito la kipimo. Neno "baraka" linataka "ra" iwe kwenye pigo la kwanza, na "ba" itangulie kabla ya mstari wa kipimo. Ukianza na "ba" kwenye pigo zito, kwaya itaimba neno ambalo hakuna Mswahili analitamka hivyo. Kumbuka pia kwamba "m" ya "mtu" ni silabi kamili na ndiyo yenye mkazo. Inahitaji noti yake, tena noti nzito, na mtunzi anayeisukuma "m" pembeni ili "tu" ikae juu ameharibu neno.

Chanzo kikubwa cha tatizo ni nyimbo zilizotafsiriwa. Mistari mingi ya nyimbo za Kiingereza huishia na silabi yenye mkazo, na kwa hiyo melodi zake huishia kwenye noti ndefu juu ya pigo zito. Kiswahili huishia na silabi nyepesi, na matokeo yake ni "baraKA" na "amaNI" katika kila mwisho wa ubeti. Unapotunga mwenyewe huna kifungo hicho. Ukiwa na neno "amani" mwishoni, weka "ma" kwenye pigo zito na "ni" kwenye pigo jepesi linalofuata. Hamoni inaweza kukusaidia zaidi: besi afike Do pamoja na "ma", lakini soprano acheleweshwe, abaki kwenye Re aliyokuwa nayo katika kodi ya So, kisha ashuke kwenda Do kwenye "ni". Re hiyo haipatani na kodi ya Do, kwa hiyo inaelemea, na uzito wake unaangukia palepale penye mkazo wa neno.

Je, melodi moja ina hamoni moja tu iliyo sahihi? Kwaya mbili za mjini kwetu zinaimba wimbo uleule wa Ijumaa Kuu kwa kodi tofauti, na kila moja inasema ya mwenzake ni ya makosa.
*Msomaji, Bukavu*

Hapana, na mwamuzi wa ugomvi huo anaweza kuwa mtunzi Johann Sebastian Bach mwenyewe. Mwaka 1601 Hans Leo Hassler, Mjerumani, alichapisha wimbo wa mapenzi ambao melodi yake baadaye ilipewa maneno ya mateso ya Kristo, na hadi leo imo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi. Huenda ndiyo hiyohiyo mnayoigombania. Bach aliitumia mara tano katika Mateso kwa Mathayo, kazi iliyoimbwa Leipzig mwaka 1727, na hakuiacha ikiwa ileile. Mara nyingine ameipandisha au kuishusha tu, mara nyingine ameibadilishia kodi kabisa kulingana na maneno ya ubeti.

Melodi inaanza Mi, La, So, Fa, Mi, Re, Mi. Inaruhusu mengi kwa sababu noti yake ya mwisho, Mi, imo katika kodi ya Do, imo katika kodi ya La maina, na ni mzizi wa kodi ya Mi. Mtunzi ndiye anayeamua nyumbani ni wapi. Katika ubeti unaofuata baada ya Yesu kufa, Bach ameuweka wimbo katika A maina, akajaza sauti za ndani nusu toni zinazopishana, na akamalizia juu ya kodi ya E meja, ambayo katika A maina ni kodi ya swali, kwa hiyo wimbo haufungwi. Miaka michache baadaye, katika kazi yake ya Krismasi ya mwaka 1734, melodi hiyohiyo inamalizia kazi nzima ikiwa katika D meja, huku tarumbeta zikipigwa katikati ya mistari.

Kwa hiyo makosa yapo, ila hayako katika kuchagua kodi tofauti. Yako katika sauti zisizoimbika, katika kituo kinachofunga pale maneno yanapoendelea, na katika besi asiye na mwendo. Chukueni mstari wa kwanza wa wimbo wenu, kila kwaya iuandikie besi mbili, moja inayoishia Do na nyingine inayoishia La, na mziimbe zote nne mkiwa mmekaa chumba kimoja. Kisha msome maneno ya ubeti kwa sauti kabla ya kuamua ipi iimbwe Ijumaa Kuu ijayo.